Kinyozi Ananilisha Kete

Jumamosi, 3 Mei

Kwa moyo mzito, na baada ya kutafakari kwa kina kuanzia benchi la Kinyozi hadi mlangoni kwangu, natangaza kwamba leo nimestaafu drafti. Sitacheza tena. Sitasimama nyuma ya wanaocheza. Sitaguna mtu akikosea. Sherehe ya kuniaga haitakuwepo, kwa sababu niliyemwambia ni mke wangu tu, naye akasema vizuri, basi kesho utapata nafasi ya kupiga deki.

Sababu ya kustaafu: Kinyozi kanifunga. Tena. Nilikuwa na kingi mbili, kete zilizovuka ubao na kupata ufalme, yeye ana moja na kete za kuokoteza. Mtu mwenye kingi mbili anafungwaje? Niliangalia pembeni kidogo tu — pikipiki ilipita na godoro limefungwa nyuma — nikirudisha macho, kingi moja imeliwa na ya pili imebanwa kwenye kona kama mtu aliyeingia choo kisicho chake.

Sheria ya benchi letu ni moja. Anayefungwa Jumamosi anaosha vikombe vya chai vya benchi zima mpaka Jumamosi nyingine. Anaoshea kwenye beseni la Kinyozi, lile lile la brashi za ndevu. Mimi ni fundi saa. Vidole vyangu vinashika skrubu ambazo wengine hawazioni. Sasa vinanuka sabuni ya kunyolea mwaka mzima, wateja wananiuliza kama nimeongeza huduma.

"Mteja wangu," Kinyozi akaniambia, ananikabidhi kikombe cha kwanza. "Pole sana. Ila karibu tena, duka liko wazi."

Ananiita mteja mbele za watu. Yeye muuzaji, mimi mteja, bidhaa ni kipigo. Na siulizwi bei.

Nimestaafu.


Jumapili, 4 Mei

Nimepiga deki.


Jumanne, 6 Mei

Nimerudi. Si kucheza. Kuosha vikombe, maana huko hakustaafiwi. Lakini mtu ukishasimama pale na mikono imelowa, ubao umepangwa, na mwenzako anakuuliza taratibu, "Mteja, moja tu, ya kupoteza muda?" — unasema nini? Nikasema moja. Nikafungwa tatu.

Refa alikuwepo, kama kawaida. Refa ni mstaafu wa posta. Ndiye aliyeuchora ubao wetu kwa rangi iliyobaki kwenye geti lake, ndiye aliyekusanya vifuniko vya soda tunavyochezea: vya upande mmoja vimegeuzwa tumbo juu, vya upande mwingine vimelala kifudifudi. Yeye mwenyewe hachezi. Anasema mwamuzi hachezi. Nadhani hajui kucheza, ila ana sauti ya mtu anayejua, na kwenye benchi letu hiyo inatosha.

Jambo la ajabu kidogo. Asubuhi Kinyozi alikuja dukani kwangu na saa yake ya mkononi. Kasema imesimama. Nimeiangalia: kile kitufe cha pembeni kimevutwa nje. Nikakisukuma ndani. Saa ikatembea. Huo ndio ufundi wote uliohitajika. Mtoto mdogo angeuweza.

Hakuondoka. Akaangalia saa za ukutani moja moja kama mnunuzi.

Nyumbani hawajambo? Hawajambo. Wote? Wote. Na Dada? Nikamwambia Dada yuko kibandani kwake, si umepita hapo sasa hivi? Akasema ndiyo, amempita. Akashukuru, akaenda.

Dada ni dada yangu mkubwa. Anaishi chumba cha uani kwetu tangu mume wake afariki. Anauza vifungo, zipu na nyuzi mbele ya soko, na yeye ndiye aliyenilea mama alipotutoka. Hata nikiwa na mvi bado ananiambia nifunge shingo, kuna upepo. Kinyozi anamjua miaka yote hii. Sasa anauliza hali yake kwangu, kwani kibanda kina ukuta?


Jumamosi, 10 Mei

Nimemfunga Kinyozi.

Naiandika tena ili niione vizuri. Nimemfunga Kinyozi, Jumamosi, mbele ya benchi lote.

Nilidhani siku hii ikifika nitalala barabarani kwa furaha. Badala yake nimekuja nyumbani nikiurudia mchezo kichwani. Kuna kitu hakikwenda sawa, na mimi kazi yangu ni kusikia vitu visivyokwenda sawa.

Kinyozi ana mstari wa nyuma. Kete zile nne za nyuma hazisogezi. Unaweza kumchokoza, kumlisha, kumwimbia, hasogezi. Miaka yote nimegonga mlango huo nikarudi na vidole vimevimba. Leo, katikati ya mchezo, hakuna aliyembana, kaichukua kete ya kona na kuisogeza mbele. Mwenyewe. Nikaingia kingi kama naingia sebuleni kwangu.

Refa akasema, "Mchezo ni halali," kwa sauti ya karani anayegonga muhuri kwenye barua asiyoiamini.

Kinyozi akanyanyuka, akakusanya vikombe. "Ndiyo hivyo, kaka," akasema. "Leo umenipatia."

Kaka. Mteja ameenda wapi?

Akaosha vikombe huku anapiga mluzi. Mtu aliyefungwa hapigi mluzi. Mimi nimefungwa mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua na sijawahi kupiga hata nusu ya mluzi.


Jumapili, 11 Mei

Nimeupanga mchezo wa jana upya kwenye meza ya jikoni. Ile kete ya kona haina maelezo. Si mtego, si haraka, si usingizi. Nimeusogeza mchezo mbele, nimeurudisha nyuma. Mke wangu akaniuliza kama meza itapatikana kabla ya chakula au baada. Nikamwambia nachunguza jambo zito. Akaweka sufuria juu ya jambo zito.


Jumatano, 14 Mei

Leo nimemjaribu. Nilimwachia mlango wazi: nikasogeza kete mahali ambapo hata mlevi angeila na kupitiliza, ale na ya pili, ale na ya tatu, aje kukaa kingi kwangu. Ujinga mtupu, na niliufanya kwa uso wa mtu anayejiamini.

Akaona. Nilimwona akiona. Macho yake yaliruka kete moja, ya pili, ya tatu, yakatua. Kisha akajikuna sikio na kusogeza kete nyingine kabisa, kule pembeni, isiyo na kazi.

Nimegundua kitu na nakiandika kwa sababu hakuna wa kumwambia: mtu akikosea kweli, anaangalia ubao. Akikosea makusudi, anakuangalia wewe.

Kinyozi alikuwa ananiangalia mimi.

Ananilisha! Mimi! Nimemsubiri mtu huyu miaka, nimeota usiku namfunga, nimeosha vikombe mpaka najua kipi kina ufa — na sasa ananipa ushindi mkononi kama mtu anayempa mtoto peremende ili anyamaze. Ningekuwa na adabu kidogo ningekasirika pale pale. Nikamfunga kwanza, ndipo nikakasirika njiani.

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anakuna nazi, akacheka mpaka akaweka mbuzi pembeni.

"Na vifungo hujaviona?"

Vifungo gani?

"Baba watoto, wewe si unaona skrubu za saa? Liangalie koti lake."

Nikalikumbuka. Lile koti jeupe la kinyozi, tangu nimfahamu lilikuwa na kifungo kimoja, tena cha suruali. Sasa lina vifungo kutoka shingoni hadi magotini. Vingine vya rangi ya waridi. Kimoja kimeshonwa kwenye mfuko usiofungwa.

Vifungo vinauzwa wapi mtaa huu? Kibanda ni kimoja.

Nikakaa chini.

"Mimi sijui kitu," mke wangu akasema na kuirudia nazi yake. "Nina macho tu."


Jumamosi, 17 Mei

Nimemfunga tena. Sikufurahi hata kidogo. Ni kama kushinda mbio dhidi ya mtu anayekufungulia njia na kukupigia makofi.

Jioni Kinyozi akanisindikiza. Hajawahi kunisindikiza. Tulitembea mpaka kwenye duka la mkaa ndipo akapata maneno.

Kaka, nina jambo. Nikamwambia aseme. Akasema anamtaka Dada. Kwa ndoa, akaongeza haraka, kama nilikuwa nimefikiria vingine. Yeye mke wake alifariki zamani, Dada naye ni mpweke, wote wamekomaa, hawana haraka ya ujana. Ameshamgusia Dada mwenyewe.

Dada alisemaje?

"Alisema, 'Nina ndugu.' Basi. Akanipa chenji yangu na zipu niliyokuwa sijaiomba."

Ndipo akaelewa kwamba njia inapita kwangu. "Nikaona nikulainishe kwanza," akasema. "Wewe ukifungwa, kaka, unakuwa huna masikio wiki nzima. Nikasema, ngoja ashinde shinde kidogo."

Mwingine angeleta kilo mbili za sukari.

Mambo mengi yalipita kichwani na hakuna hata moja zuri. Kwamba huyu mtu akiwa shemeji yangu, nitamfunga kila Jumamosi ya maisha yangu yaliyobaki na sitajua hata mara moja kama ni mimi. Kwamba nilikuwa na mshindani mmoja tu wa kweli na sasa namkosa. Na jingine, ambalo silisemi kwa mtu: asubuhi naamka na kusikia Dada anafagia uani, na mpaka nisikie ule ufagio siku yangu haijaanza. Chumba kile kikiwa kitupu nitaamka kwa sauti gani?

Basi nikasema nilichosema. Nikamwambia Jumamosi ijayo tucheze kweli. Bila kulishana. Akinifunga, nimekubali, amchukue. Nikimfunga, asiniletee tena habari hii.

Akasimama. "Kweli kweli?"

"Kweli kweli."

Akafikiri. Tukashikana mikono. Nyuma yetu Refa alikuwa anafunga kamba ya kiatu, na ni kiatu kisicho na kamba.

Nimefika nyumbani najiona mwerevu. Anamtaka, kwa hiyo lazima acheze kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo mimi napata mchezo wangu wa kweli. Sijaona pengo lolote kwenye mpango huu.


Jumapili, 18 Mei

Mazoezi. Nikicheza peke yangu upande wa Kinyozi unashinda. Inaudhi sana.


Jumanne, 20 Mei

Pengo limeonekana.

Refa alikwenda kibandani kununua zipu ya suruali, na wakati anasubiri chenji akamtakia Dada kila la heri "katika mechi." Dada akauliza mechi gani. Refa, mtu wa haki, akamweleza kwa mpangilio: wachezaji, siku, mahali, na zawadi.

Nilikuwa na mteja dukani, mama mmoja na saa ya mezani. Dada akaingia. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Nimesikia Jumamosi ninachezewa."

Nikasema ni utani tu, Dada.

"Cheka basi."

Sikucheka. Yule mama mwenye saa akasogea karibu na mlango lakini hakutoka, asikose.

"Niambie nijipange vizuri," Dada akasema. "Mimi ni kifuniko cha tumbo juu, au ni cha kifudifudi?"

Dada, nilikuwa nataka tu —

"Nimekufunga nepi wewe. Nimekushonea kaptula ya shule kwa gauni la marehemu mama. Leo umenishika mkononi unauliza nani ana kingi mbili. Na huyo mwenzako, ananunua vifungo vya koti lisilo na tundu, anadhani mimi kipofu. Mnanichezea mimi, kwa vifuniko vya soda."

Akatoka. Yule mama akaniuliza kama saa yake itakuwa tayari Ijumaa. Nikasema sijui. Kwa kweli nilikuwa sijui kitu chochote.

Baadaye nikaambiwa alipitiliza mpaka kwa Kinyozi. Kinyozi akatoka nje na wembe mkononi, mtu kamwacha ndani na shavu moja. Refa, aliyeshuhudia, anasema Dada alisema neno moja tu na kuondoka: "Nilikwambia nina ndugu. Sikukwambia nina mwenye mali."

Mtu wa shavu moja alingoja sana, anasema Refa.


Jumatano, 21 Mei

Shikamoo Dada. Marahaba. Kwa sauti ile anayojibia wakusanya taka.

Uani pamefagiwa. Sikusikia ufagio. Sijui amewezaje.


Alhamisi, 22 Mei

Mke wangu haongei nami vizuri pia. Nikamuuliza yeye na wifi yake wameamua kunipiga zamu? Akasema hapana, hakuna zamu, kila mmoja ananipiga kwa muda wake.

Leo dukani saa za wateja watatu, zote nimezirudisha bila kuzimaliza. Moja nimeifunga na skrubu imebaki nje. Nimeitia mfukoni na kunyamaza. Ilitembea hata hivyo.


Ijumaa, 23 Mei

Nimekwenda kuomba radhi. Nilisimama mlangoni pa chumba cha uani kama mgeni, yeye anazungusha nyuzi kwenye vibiringo. Nikasema yote: kwamba nimekosea, kwamba sikufikiri, kwamba drafti imeniharibu akili. Hilo la mwisho akalikubali haraka.

Akazungusha nyuzi. Kisha akasema, taratibu, bila kuniangalia:

"Siku ile nilipomwambia nina ndugu, unajua nilitaka nini? Nilitaka akufuate, na wewe uje uniulize. Tu. 'Dada, unamtaka?' Maneno mawili. Yeye kaja kwako na vifuniko, wewe ukamjibu kwa vifuniko. Katika nyumba hii aliyeniuliza ni mke wako peke yake."

Na ukamjibu nini?

"Nilimjibu yeye."

Nikavuta pumzi. Dada, unamtaka?

Akakata uzi kwa meno. "Umechelewa kidogo, mdogo wangu. Lakini umeuliza, ahsante." Akasema atajibu Jumapili, na atamjibu mhusika. Kuhusu ubao wetu, tucheze mpaka tuzeeke, ni mchezo mzuri, unawaweka wanaume mahali pamoja. Ila asisogeze mtu kete kwa jina lake.

Halafu akaniambia nifunge shingo, kuna upepo.

Nimerudi ndani karibu nilie. Mke wangu akaniuliza amesemaje. Nikasema Jumapili. Akaitikia kwa kichwa kama anayejua. Hasira juu ya hasira: kila mtu katika nyumba hii anajua mchezo umefika wapi isipokuwa mimi.


Jumamosi, 24 Mei

Hatukucheza. Kinyozi alisema ana watu wengi. Hakuwa na mtu hata mmoja, alikaa kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea akijizungusha polepole. Benchi lilijaa, watu walikuja kuangalia mechi. Refa akatangaza imeahirishwa. Mmoja akauliza kwa sababu ya mvua? Jua lilikuwa kali.

Vikombe aliosha kila mtu chake. Haijawahi kutokea.

Hakuniita mteja, hakuniita kaka. Aliniita Fundi, kama mtu wa mtaa wa pili.


Jumapili, 25 Mei

Naandika nikiwa benchini. Nimemwambia Refa ni hesabu za duka. Ameangalia juu ya bega langu, akaona jina lake, akarudi kukaa.

Ilikuwaje: mchana nilishindwa kukaa nyumbani. Dada alitoka asubuhi akiwa amevaa gauni lake la kijani, mke wangu akatoka naye, hakuna aliyeniambia wanakwenda wapi. Nikaja hapa. Kinyozi alikuwa ameketi mbele ya ubao peke yake, kanyoa ndevu zake mwenyewe mpaka ametoka damu mahali pawili. Alikuwa anasubiri jibu. Mimi nilikuwa nasubiri nini? Hilo hilo.

Akasema, "Tucheze?"

Nikasema ya nini sasa.

"Ya bure. Ya kwetu tu. Hakuna vikombe, hakuna kitu." Kisha akasema, "Nisamehe, Fundi. Nilikulisha."

Nikamwambia nilijua.

"Tangu lini?"

Tangu kete ya kona.

Akacheka kidogo, mara ya kwanza wiki nzima. "Ile iliniuma, wallahi. Kuisogeza ile kete ni kama kung'oa jino zima. Nilikwenda ndani nikanywa maji."

Basi tukapanga. Mchezo wa kweli, hatimaye, wa bure, kati ya watu wawili wasiodaiana. Mstari wake wa nyuma umefungwa kama zamani. Hanilishi. Nimemwangalia: anaangalia ubao, haniangalii mimi. Nikasema moyoni, ndiyo leo.

Zamu yake. Anafikiri. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika.

Sasa ngoja niseme ukweli wa mchezo huu. Ninashinda. Nina kingi, yeye hana. Nimempita kete tatu. Na sishindi chochote, kwa sababu kila gauni la kijani likipita ng'ambo ya barabara mkono wake unabaki hewani. Amesahau kula mara mbili. Si makusudi. Anaangalia ubao na haoni ubao. Wiki nzima alinidanganya kwamba anakosea, leo anakosea kwa dhati, na mimi nimekaa hapa na kingi yangu, sina hamu nayo. Nitapata lini mtu huyu akiwa mzima? Nilitaka kumfunga Kinyozi. Huyu ni mtu mwingine amekaa kwenye koti lake.

Refa anasema muda wa kufikiri umepita. Hakuna sheria hiyo. Kaitunga sasa hivi.

Amesogeza. Vibaya. Nimekula. Nilijisikia kama namnyang'anya mgonjwa uji.

Mke wangu huyo anakuja. Peke yake. Ana vumbi kwenye kanga na amejifunga kiunoni kama mtu aliyetoka kubeba vitu.

Kinyozi kamwona. Ameweka kete chini, siyo mahali pake, katikati ya mstari. Refa hajasema kitu.

Naandika haraka. Mke wangu amesalimia benchi. Amesema wifi yake amehama. Amepanga chumba nyuma ya soko, karibu na kibanda, wamehamisha vitu tangu asubuhi: sanduku, jiko, mashine ya kushonea. Chumba kizuri, kina dirisha. Funguo ya chumba cha uani ameniachia, hii hapa, nimeiweka juu ya ubao kwa sababu sikujua pa kuiweka.

Nimeuliza kwa nini hakuniambia. Mke wangu amesema, "Angekuambia, ungempanga tena."

Kinyozi amesimama. Ameuliza, taratibu sana, shemeji, samahani, hakuacha neno lolote?

Ameacha. Amesema tukimaliza mchezo, mwenye nguvu mmoja aende akamsaidie kuunga kitanda, amenunua kipya na seremala kakileta vipande vipande.

Kinyozi ameshaanza kufunga vifungo vya koti. Vyote, kutoka chini, mpaka kile cha waridi cha shingoni. Anatabasamu. Amesahau kwamba ni zamu yake. Ameingia ndani kuchukua nyundo, ametoka nayo, amerudi ndani kujitazama kwenye kioo, ametoka tena.

Refa, ambaye lazima aulize, amemuuliza mke wangu ni kitanda cha ukubwa gani.

Cha mtu mmoja, amesema. Futi tatu kwa sita.